Sumaku Dhidi ya Sonona: Majibu kwa Barua Zenu

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulizungumzia sonona isiyosikia dawa, na humo nilitaja kwa ufupi sana tiba ya sumaku ya ubongo, ambayo madaktari huiita TMS. Barua nyingi zilizofika baada ya hapo zimeuliza juu ya tiba hiyo tu, kwa hiyo leo nafasi yote nawaachia walioandika kuihusu. Majina nimeyaondoa, na barua ndefu nimezifupisha.

Shikamoo Daktari. Mimi na mume wangu tunaishi Toronto. Ana sonona tangu mwaka juzi. Amebadilishiwa dawa mara mbili bila nafuu ya maana, na sasa daktari wake anapendekeza sumaku ya ubongo, kila siku ya kazi kwa wiki sita. Mume wangu amekataa katakata. Anasema alipokuwa mdogo Tanga, mjomba wake alipigwa umeme kichwani hospitalini, akarudi nyumbani akiwa amesahau mambo mengi. Je, ni kitu kilekile? Na mtu akishakaa kwenye kile kiti hufanyiwa nini hasa?

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Si kitu kilekile. Naomba umsomee mumeo jibu hili lote, kwa sababu hofu yake ina msingi na haifai kujibiwa kwa maneno ya juujuu.

Aliyoyapata mjomba wake ni tiba ya mshtuko wa umeme. Katika tiba hiyo mkondo wa umeme hupitishwa kichwani kwa makusudi ili ubongo upate mtukutiko mfupi wa kifafa. Siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi na misuli yake imelegezwa, lakini zamani, katika hospitali nyingi duniani, ilifanywa bila dawa hiyo, na ndiyo maana simulizi zake zimebaki zikitisha katika familia nyingi. Usahaulifu aliousikia nao ni wa kweli, kwani wengi hupoteza kumbukumbu za siku na wiki zinazoizunguka tiba, na baadhi yao hupoteza hata za nyuma zaidi. Pamoja na hayo, sipendi uidharau. Kwa mgonjwa aliyeacha kula, anayesikia sauti za kumhukumu, au aliyekaribia kuitoa roho yake mwenyewe, hiyo bado ni tiba yenye nguvu kuliko sumaku, na huleta nafuu upesi zaidi.

Sumaku ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1980, huko Uingereza, Merton na Morton walionyesha kwamba ubongo unaweza kuchochewa kwa umeme bila kulifungua fuvu, lakini aliyefanyiwa aliumia sana, kwa kuwa fuvu huuzuia umeme na sehemu kubwa ya mkondo hupita kwenye ngozi na misuli ya kichwa. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, katika mji wa Sheffield, wakatumia koili ya waya iliyoshikwa juu ya kichwa. Walipitisha ndani yake mkondo mkubwa kwa muda usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na nguvu ya sumaku iliyotokea ikapenya fuvu pasipo kizuizi na kuamsha mkondo mdogo ndani ya ubongo wenyewe. Vidole vya mtu vikacheza naye hakuumia. Katika miaka ya 1990 watafiti, miongoni mwao Mark George wa Marekani, wakaanza kuijaribu kwa wagonjwa wa sonona. Kanada iliiruhusu mwaka 2002, na Marekani ikaidhinisha mashine ya kwanza kwa ajili ya sonona mwaka 2008. Kwa hiyo mumeo hatakuwa mtu wa kujaribiwa kitu kipya.

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe. Siku ya kwanza ni ya vipimo. Mumeo ataketi kwenye kiti cha kuegemea akiwa macho kabisa, bila sindano wala dawa ya usingizi, na atapewa vizibo vya masikio, ambavyo asikubali kuvikosa hata siku moja kwa sababu mlio wa mashine ni mkali. Mhudumu ataisogeza koili upande wa kushoto wa kichwa, akitafuta mahali panapoongoza mkono wa kulia, na akipapata, kidole gumba cha mumeo kitaruka chenyewe bila yeye kutaka. Mwambie hilo mapema, maana wasioambiwa hushtuka. Kiwango kidogo kabisa cha nguvu kinachokifanya kidole kiruke takriban mara tano katika kumi ndicho kipimo chake binafsi, na kwa kawaida tiba hupangwa kwa asilimia 120 ya kipimo hicho. Mtu na mtu hutofautiana, ndiyo sababu huwezi kuazima dozi ya jirani.

Baada ya hapo koili husogezwa mbele kwa sentimita tano au sita, hadi juu ya sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto. Kwa watu wengi wenye sonona sehemu hiyo hufanya kazi kwa ulegevu, nayo imeungana na sehemu za ndani zaidi zinazohusika na huzuni, ambazo sumaku ya kawaida haizifikii kwa sababu nguvu yake huishia kina cha sentimita mbili au tatu. Mapigo huanza, tak-tak-tak-tak, 10 kwa kila sekunde, kwa sekunde nne, kisha kimya cha sekunde 26, kisha tena, mpaka yatimie mapigo 3,000 katika dakika 37 hivi. Ngozi ya kichwa huhisi kama inagongwagongwa, na pengine nyusi au taya hucheza. Wagonjwa wengi hupata maumivu ya kichwa wiki ya kwanza, nayo husikia dawa za kawaida za maumivu na hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Kikao kikiisha, anainuka, anavaa koti lake na anaweza kuendesha gari mwenyewe kurudi nyumbani au kazini.

Muulizeni daktari kama atatumia mtindo huu wa dakika 37 au ule wa dakika tatu, kwa kuwa huko huko Toronto, pamoja na Vancouver, ndiko ulikofanywa utafiti wa wagonjwa 414 uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulionyesha kwamba mapigo yanayotolewa kwa mafungu ya haraka kwa muda wa dakika tatu tu hayazidiwi na yale ya dakika 37. Kwa mtu mwenye kazi na watoto wa kupeleka shule, tofauti hiyo si ndogo.

Hatari inayotajwa sana ni kupata kifafa kikaoni. Ipo, lakini humpata mgonjwa pungufu ya mmoja katika 1,000, na huongezeka kwa mtu aliyewahi kuanguka kifafa, anayekunywa pombe sana au aliyeiacha ghafla, aliyekesha bila usingizi, au anayetumia dawa fulani, hivyo daktari aambiwe yote bila kufichwa kitu. Kumbukumbu haipotei kwa tiba hii.

Je, itamfaa? Sitakudanganya kwa ahadi. Katika utafiti mmoja uliogharimiwa na serikali ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2010, walioondokewa kabisa na sonona kwa sumaku halisi walikuwa asilimia 14, dhidi ya asilimia 5 ya waliowekewa mashine ya kuigiza, isiyotoa tiba yoyote. Ni faida ya kweli, ila si kubwa. Katika kliniki za kawaida, ambako watu huendelea na dawa zao na kupewa wiki zote sita, takriban nusu au zaidi hupata nafuu ya kuonekana, na karibu theluthi moja huondokewa na dalili. Nafuu huwa haiji wiki ya kwanza. Mara nyingi watu wa nyumbani ndio huiona kwanza, pale mgonjwa anapooga bila kuombwa au anapopokea simu ya mamake, ilhali yeye mwenyewe bado anasema hakuna kilichobadilika. Waliokata tamaa na kuacha katika wiki ya pili ni miongoni mwa wale ninaowasikitikia zaidi.

Usimlazimishe. Mwombe akubali kwenda tu kukiona kiti na kuusikia mlio wa mashine, kisha uamuzi uwe wake.

Daktari, salaam. Mimi ni mzazi, naishi Arusha. Kijana wangu wa miaka 24 aliacha chuo kwa sababu ya sonona na sasa hatoki chumbani. Amekunywa amitriptilini ya miligramu 25 kila usiku kwa karibu miaka miwili, haimsaidii. Jamaa yetu ametuambia kwamba India wanatibu kwa sumaku. Nina kiwanja Usa River, nimeshapata mnunuzi. Naomba ushauri wako.

Mzee wangu, kiwanja usikiuze kwanza. Kweli India ina hospitali zinazotoa tiba hii, na siwezi kumlaumu mzazi anayetaka kuuza alichonacho kwa ajili ya mwanawe. Lakini barua yako ina jambo moja linalobadilisha kila kitu, nalo ni hizo miligramu 25.

Amitriptilini ya miligramu 25 usiku ni kiwango cha kuanzia, au cha kutuliza maumivu ya neva na kumpa mtu usingizi. Kwa sonona ya mtu mzima mwenye afya njema, kiwango kinachotibu huwa kati ya miligramu 75 na 150, na hufikiwa polepole, kwa kuongezwa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Maana yake ni kwamba kijana wako hajashindwa na dawa, bali hajawahi kuipata kwa kipimo chake. Amekaa miaka miwili kwenye ngazi ya kwanza kwa sababu hakuna aliyemwambia apande ya pili. Naliona hili kila mara, na linaniuma, kwa sababu foleni ni ndefu, daktari ana dakika chache, karatasi ya dawa hunakiliwa kutoka ziara hadi ziara, na familia huhitimisha kwamba ugonjwa wao hauna dawa.

Tafadhali msimwongezee dozi wenyewe nyumbani. Amitriptilini ikizidi huuvuruga moyo na huua. Na kwa kijana mwenye huzuni kama hii, vidonge vyote vikae kwako, mahali asipopajua, apewe cha usiku huo tu.

Mpelekeni kwa daktari wa magonjwa ya akili, na mkiwa pale ulizeni mambo haya. Je, dozi ipandishwe, au abadilishiwe dawa nyingine kama fluoksetini, na baada ya wiki ngapi tutajua kama imefanya kazi? Kwa kawaida wiki nne hadi sita za kipimo kamili zinatosha kupata jibu. Je, amepimwa tezi ya shingoni na wingi wa damu? Je, kuna bangi au pombe ambayo sisi wazazi hatujaambiwa? Na kubwa kuliko yote, je, amewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa ambacho hakulala wala hakuchoka, alizungumza mbio mbio, akatumia pesa ovyo na kujiona anaweza kila kitu? Aliyewahi kupitia hali hiyo ana ugonjwa wa namna nyingine, wenye dawa zake, na dawa za sonona peke yake zinaweza kumharibia zaidi.

Dawa pia isiachwe ifanye kazi peke yake. Nchini Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, ulifanywa utafiti katika vijiji 30, ukachapishwa mwaka 2003, ambapo wanakijiji wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki kwa muda wa wiki 16 wakiongozwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo mafupi. Walizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha yaliyowaelemea. Nafuu waliyoipata ilikuwa kubwa kuliko ya vijiji ambavyo havikupata vikundi hivyo, na hakukuwa na mashine yoyote wala tiketi ya ndege. Ulizeni hospitalini kama kuna mshauri nasaha au kikundi cha namna hiyo.

Sumaku ina nafasi yake, na nafasi hiyo huja baada ya angalau dawa mbili kutumiwa kwa kipimo kamili na kwa muda kamili bila mafanikio. Mkifika hapo, niandikie tena, tutazungumza kuhusu India. Ila fahamu kwamba gharama haiishii kwenye mashine, kwa kuwa kijana atahitaji mtu wa kukaa naye ugenini wiki nne hadi sita, chumba, chakula, na akirudi atahitaji daktari wa kumfuatilia hapa nyumbani. Na iwapo wakati wowote atasema hana haja ya kuishi, au mkamkuta amegawa vitu vyake, au ameacha kula na kunywa, msisubiri miadi wala safari. Mpelekeni hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani.

Daktari, hapa Dar es Salaam kuna watu wanauza mito na bangili zenye sumaku. Wanasema ni tiba ileile ya TMS ya Ulaya, inaondoa msongo na sonona ukilalia usiku. Bei yake si ndogo. Ninunue?

Hapana. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku iliyotulia mahali pamoja haizalishi umeme wowote. Umeme huzaliwa pale nguvu ya sumaku inapobadilika, na kadiri inavyobadilika kwa haraka ndivyo mkondo unavyokuwa mkubwa. Mashine ya TMS huiinua nguvu hiyo hadi tesla moja na nusu au mbili (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), sawa na mashine nyingi za MRI, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na kuishusha tena kabla hujaweza hata kupepesa jicho, kisha hurudia hivyo maelfu ya mara. Sumaku iliyoshonwa ndani ya mto ni dhaifu mno kulinganisha na hiyo, na zaidi ya hapo imetulia tu usiku kucha. Ungeilalia mwaka mzima, seli za ubongo wako zisingepata habari. Pesa hiyo kanunue dawa ulizoandikiwa.

Naandika kutoka Leeds. Nimesoma kwamba kuna sumaku ya siku tano tu badala ya wiki sita, na karibu kila mtu hupona. Mimi nilimaliza wiki zangu sita mwaka jana nikapata nafuu nzuri, lakini sasa giza limeanza kurudi. Je, nilipewa tiba ya kizamani?

Pole sana. Hukupewa tiba ya kizamani. Ile ya siku tano ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambapo mgonjwa hupewa vikao 10 kwa siku, kila kimoja cha dakika 10 na mapumziko ya dakika 50 kati yake, na mahali pa kulenga hutafutwa kwanza kwa picha za MRI za ubongo wake mwenyewe. Marekani iliiidhinisha mwaka 2022. Matokeo yaliyosambaa sana ni kwamba asilimia 79 ya waliopata sumaku halisi waliondokewa na sonona wakati fulani ndani ya wiki nne, dhidi ya asilimia 13 ya walioigiziwa. Ni matokeo ya kufurahisha, na nina matumaini nayo, lakini waliohesabiwa walikuwa watu 29 tu, na muda waliofuatiliwa ulikuwa mfupi. Tiba iliyojaribiwa kwa watu 29 wa hospitali moja inapaswa kupimwa kwa watu wengi zaidi kabla hatujasema kwamba karibu kila mtu hupona.

Kwako wewe habari iliyo muhimu zaidi ni nyingine. Sonona iliyopoa kwa sumaku inaweza kurudi, kama inavyoweza kurudi ile iliyopoa kwa dawa, na wengi waliopata nafuu mara ya kwanza huipata tena wakirudia. Nenda kwa daktari wako sasa, wakati giza linaanza, usingoje likufunike. Mwambie kwamba ulipata nafuu ya sumaku, muulize kama unaweza kurudia, na kama uliacha dawa zako baada ya kupona mwambie hilo pia bila aibu. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE, ambayo hutoa miongozo ya tiba kwa hospitali za umma, ilikubali tangu mwaka 2015 kwamba tiba hii haina tatizo kubwa la usalama na kwamba inaweza kutumika katika hospitali za umma, ingawa si kila mji una kliniki yake.

Nina vipande vya chuma kichwani kutokana na ajali ya gari. Je, naweza kupata tiba hii hapa Muscat?

Inategemea ni madini gani na yako wapi. Kanuni inayofuatwa ni kwamba mtu mwenye chuma kinachovutwa na sumaku au kinachopitisha umeme, ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye koili, hapewi tiba hii, na hivyo hivyo mwenye kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio au kibanio cha mshipa wa damu kichwani. Meno ya kuziba hayana shida. Tafuta karatasi za upasuaji wako kutoka hospitali uliyotibiwa, zinazotaja aina ya chuma kilichowekwa, na piga picha ya eksirei kabla ya kuketi kitini. Kusema tu kwamba MRI ilikwishafanywa bila tatizo hakutoshi.

Dada mmoja wa Minneapolis anauliza: Je, lazima nifumue nywele nilizosuka? Na mimi huvaa hijabu, itakuwaje?

Mtindo wa nywele una maana kuliko watu wanavyodhani. Nguvu ya sumaku hupungua haraka kadiri koili inavyokuwa mbali na fuvu, kwa hiyo wigi, nywele bandia zilizoshonwa kwa unene juu ya kichwa, au fundo kubwa la rasta upande wa kushoto mbele, huweza kuifanya tiba isifike. Suka mistari myembamba iliyolala kichwani, na usiibadilishe katikati ya wiki zile, ili kipimo cha siku ya kwanza kiendelee kuwa sahihi. Vibanio, shanga za chuma na hereni vyote vitoke kabla ya kila kikao. Kuhusu hijabu, omba tangu siku ya miadi upatiwe mhudumu wa kike na chumba kilichofungwa mlango. Ombi hilo ni la kawaida, na likitolewa mapema ni rahisi kutimizwa kuliko likitolewa ukiwa umeshaketi.